Wageni Wenye Jina Moja: Mwongozo Kamili kwa Watayarishaji wa Redio na Podikasti Jijini Nairobi

Mtayarishaji wa kipindi jijini Nairobi hukutana na wajina mapema kuliko alivyotarajia. Atamtafuta mhandisi wa barabara ampate mchungaji wa jina hilohilo. Atamwalika daktari wa watoto, na wasikilizaji watume jumbe wakimuuliza kuhusu riwaya iliyoandikwa na mtu mwingine kabisa. Gazeti lina picha ya kumwokoa msomaji, na runinga huandika kazi ya mgeni chini ya uso wake. Redio haina hata kimoja kati ya hivyo, na podikasti, ijapokuwa ina ukurasa wake kwenye simu, mara nyingi husikilizwa simu ikiwa mfukoni. Kwa sababu hiyo kazi ya kuwatenganisha wajina hufanyika katika maandalizi, kabla maikrofoni haijafunguliwa, na katika sentensi atakazotamka mtangazaji. Kwingineko ni kurekebisha tu. Mwongozo huu unaifuata safari ya mgeni tangu jina lake linapotajwa katika kikao cha kupanga kipindi hadi faili linapowekwa kwenye hifadhi, na unamfaa mtu wa kituo kikubwa sawasawa na yule anayerekodia chumbani kwake bila msaidizi.

Majina yetu yanavyorudiarudia

Inafaa kwanza kuelewa kwamba kufanana kwa majina hapa kwetu ni jambo la mpango, wala si la bahati. Katika desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili jina la babu mzaa mama, na mabinti hurithi majina ya nyanya zao kwa utaratibu uleule. Jina huruka kizazi kimoja, likatua kwa mjukuu, na kwa kuwa ndugu wote hufuata utaratibu huo, mabinamu kadhaa hujikuta na jina moja. Mfano ulio wazi zaidi ni wa wanamuziki. Joseph Kamaru, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa miongoni mwa waimbaji wakubwa wa muziki wa Kikuyu kwa miongo mingi. Mjukuu wake, ambaye pia ni Joseph Kamaru, ni msanii wa sauti aliyezaliwa Nairobi, hutunga kazi zisizo na mashairi kutokana na sauti anazorekodi katika mazingira, na hujitambulisha kwa herufi nne tu: KMRU. Mjukuu huyo amejishughulisha pia na kutoa upya nyimbo za babu yake, kwa hiyo mtayarishaji anayeandika “Joseph Kamaru” kwenye ratiba bila neno la ziada amewaandika watu wawili kwa mpigo mmoja.

Kwa Waluo, majina mengi hutokana na wakati au hali ya kuzaliwa: Otieno na Atieno ni wa usiku, Onyango na Anyango ni wa asubuhi jua likianza kupanda, Ochieng na Achieng ni wa mchana, Okoth na Akoth ni wa mvua. Ukiunganisha orodha fupi kama hiyo na majina machache ya ubatizo yanayopendwa, utapata watu wengi sana wenye majina mawili yaleyale wasiojuana kabisa. Wasomali huandika jina la mtu, la baba na la babu kwa mfuatano, na kwa kuwa majina mengi kati ya hayo ni ya Kiislamu yaliyoenea, watu hutofautishana kwa lakabu, ambazo nyingine hazifai kutajwa hewani bila idhini ya mwenyewe. Huko Mombasa kulikuwa na Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi, na Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyeimba baadhi ya tungo za huyo mshairi. Kipindi kinachosema “Juma Bhalo” na kunyamaza kinamwachia msikilizaji kazi ya kubahatisha ni nani aliyetunga na ni nani aliyeimba.

Hata uwanja mmoja hautoshi kutofautisha. Kuna Daniel Komen aliyekimbia mita 3,000 kwa dakika 7 na sekunde 20.67 huko Rieti mwaka 1996, rekodi iliyodumu hadi mwaka 2024, na kuna Daniel Kipchirchir Komen, mkimbiaji wa mita 1,500 wa kizazi kilichofuata. Wote ni Wakenya na wote ni wanariadha, kwa hiyo kusema “mwanariadha Daniel Komen” hakumsaidii mtu. Ninalitaja hili mapema kwa sababu watayarishaji wengi hudhani kwamba cheo kimoja kinatosha, ilhali kazi ya cheo ni kumtenga mtu huyu na wajina wake hasa, na huwezi kujua cheo kipi kitafaa kabla ya kujua wajina wenyewe ni akina nani.

Hatua ya kwanza: andika unayemtaka kabla ya kutafuta jina

Kabla ya kufungua intaneti, andika sentensi moja inayoeleza kile kinachomfanya mgeni astahili kualikwa: utafiti alioufanya, kesi aliyoisimamia, daraja alilolijenga, timu anayoifundisha. Kisha tafuta kwa kutumia kazi hiyo, si jina peke yake. Anayetafuta jina tupu hupata mtu maarufu kuliko wote wenye jina hilo, na mara nyingi huyo siye. Visanduku vya maelezo vinavyotokea kando ya matokeo ya utafutaji navyo si vya kuaminiwa, maana hukusanywa na mashine, na mashine inaweza kuweka picha ya mtu mmoja juu ya wasifu wa wajina wake.

Baada ya hapo hakikisha kwa chanzo kinachowajibika. Hapa Kenya taaluma kadhaa zina rejista ambazo mtu yeyote anaweza kuzikagua: mawakili kupitia Chama cha Mawakili cha Kenya, madaktari na madaktari wa meno kupitia baraza lao la usajili, wahandisi kupitia bodi yao, wahasibu kupitia taasisi yao. Rejista hukuonyesha pia iwapo kuna wajina wawili katika taaluma moja, jambo ambalo ni heri ulijue ukiwa mezani kuliko ukiwa hewani. Kwa watafiti kuna nambari ya ORCID, yenye tarakimu 16, iliyoanza kutolewa mwaka 2012 mahsusi kwa ajili ya kutenganisha waandishi wa makala za kisayansi wenye majina yanayofanana. Mwombe mgeni akupe yake, nawe usome orodha ya kazi zake uone kama ile unayoitaka imo. Kwa waandishi wa vitabu na wanamuziki kuna ISNI, ambayo nayo ni nambari ya tarakimu 16. Hifadhidata ya filamu ya IMDb huwatenga wajina kwa nambari za Kirumi kwenye mabano.

Vitambulisho vyote hivi ni vya jicho. Chukua jina la Michael Jordan: yupo mchezaji wa mpira wa kikapu, yupo mwigizaji Michael B. Jordan, na yupo Michael I. Jordan, mtaalamu wa takwimu na ujifunzaji wa mashine wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika maandishi ile herufi ya katikati inatosha. Itamke haraka redioni, lori likipiga honi kwenye barabara ya Jogoo, uone kama kuna atakayeisikia. Tumia nambari na herufi kwa uhakiki wako wa ndani, lakini usitegemee kwamba zitamsaidia msikilizaji.

Kwa wageni wasio na rejista yoyote, kama vile msanii wa mtaani, kiongozi wa kikundi cha akina mama au mkulima, njia bora ni kumpitia mtu wa tatu anayemfahamu kwa kazi yake. Vituo vya mitaa kama Pamoja FM ya Kibera na Koch FM ya Korogocho vina nafuu hapa, kwa kuwa mtangazaji na mgeni hunywa chai kwenye kibanda kimoja. Nambari ya simu iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp bila jina la aliyeitoa usiipige kabla ya kuithibitisha.

Hatua ya pili: simu ya kwanza

Makosa mengi huzaliwa katika simu hii, na chanzo chake ni adabu. Ukimpigia mtu na kumwuliza, “Shikamoo Daktari, wewe ndiye uliyeandika ile ripoti ya maji?” unaweza kujibiwa “ndiyo” kwa sababu mstari haukusikika vizuri, kwa sababu mtu huyo naye amewahi kuandika ripoti ya maji, au kwa sababu hakutaka kukuvunja moyo. Swali linalobeba jibu ndani yake halifai kwa uhakiki. Afadhali useme: “Samahani Daktari, naomba kwanza unieleze kazi unayoifanya kwa sasa.” Aliye sahihi atakuambia yale uliyokwisha kuyaandika, asiye sahihi atakuambia mengine, na mtaagana kwa heshima bila mtu kuaibika.

Katika simu hiyohiyo mwulize waziwazi: “Je, kuna mtu mwingine mwenye jina kama lako ambaye watu hukuchanganya naye?” Hakuna anayejua habari za wajina kuliko mwenye jina. Atakutajia mwanasiasa wa kaunti, mwimbaji wa injili, mwalimu wa shule ya upili aliyewahi kupokea barua zake, na kila mmoja ni tahadhari utakayoitumia baadaye. Mwulize pia ni maelezo gani anayopenda kutumia kujitofautisha. Wengine wameishi na tatizo hili miaka mingi na wamekwisha kulitatua wenyewe, kama alivyofanya mwigizaji Michael Keaton, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Michael Douglas na alilazimika kulibadilisha kwa sababu mwigizaji mwingine alikuwa akilitumia.

Mkimaliza, hifadhi nambari yake kwa jina, kazi na kipindi kwa pamoja. Simu yenye “Mary Atieno” watatu ni mtego. Wala usidhani kwamba M-Pesa itakuokoa wakati wa kutuma nauli: jina litakalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha malipo ni lilelile kwa wajina wote, na mtumaji aliyechoka husoma jina, akaridhika, akabonyeza. Linganisha tarakimu za nambari.

Usiombe nambari ya kitambulisho cha taifa kwa ajili ya kumtofautisha mgeni. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi maalumu na kwa kiasi kinachohitajika tu, na kipindi cha mazungumzo hakihitaji kitambulisho cha mtu. Askari wa jengo wana taratibu zao za lango. Hizo zisiwe zako.

Hatua ya tatu: jina linavyotamkwa na linavyotakiwa

Mwombe mgeni alitamke jina lake kwenye ujumbe wa sauti, naye mtangazaji aurudie ujumbe huo kabla ya kuingia studioni. Wajina wanaofanana kwenye karatasi wakati mwingine hutofautiana mdomoni, na pale tofauti hiyo ipo ni zawadi isiyofaa kupotezwa. Mwulize pia atumie majina mangapi. Kitambulisho cha Mkenya kwa kawaida kina majina matatu, na jina la tatu ambalo halitumiki kila siku mara nyingi ndilo linalomtenga mtu na wajina wake. Hata hivyo usimtaje kwa jina hilo bila kumwuliza, kwani kuna watu walioacha jina fulani kwa sababu zao.

Hatua ya nne: mlangoni

Tarehe 8 Mei 2006, katika jengo la BBC mjini London, mtayarishaji alishuka kumchukua Guy Kewney, mwandishi wa habari za teknolojia aliyealikwa kuzungumzia kesi kati ya kampuni ya kompyuta ya Apple na Apple Corps, kampuni ya muziki ya The Beatles. Alielekezwa kwa Guy Goma, kijana kutoka Brazzaville aliyekuwa amekuja kufanyiwa usaili wa kazi katika idara ya teknolojia. Aliulizwa kama yeye ndiye Guy Kewney, akaitikia. Dakika chache baadaye alikuwa mbele ya kamera, hewani, akijibu maswali kuhusu upakuaji wa muziki kwenye intaneti, huku Kewney akiwa bado ameketi katika sehemu nyingine ya mapokezi akimtazama kwenye skrini mtu aliyepewa jina lake. Watu hukicheka kisa hiki hadi leo, na Goma alijibu kwa utulivu wa kupigiwa mfano. Mtayarishaji anapaswa kukisoma kwa namna nyingine: wawili hao walikuwa na jina la kwanza tu linalofanana, nalo likatosha, kwa sababu swali lililoulizwa mlangoni lilikuwa lilelile lenye jibu ndani yake.

Kwa hiyo mpe mtu wa mapokezi karatasi yenye mistari mitatu: jina kamili na kazi ya mgeni, jina la kipindi na mtangazaji, na mada. Anayekwenda kumchukua mgeni aulize, “Karibu sana, umekuja kwa kipindi gani, na mtazungumzia nini?” Asimwite kwa jina kwanza. Mgeni akishataja mada, ndipo amwamkue kwa jina. Ikiwa wajina wawili wamealikwa siku moja katika vipindi tofauti, wapangie saa zinazopishana, na usiwaketishe kwenye kochi moja bila kumwarifu kila mmoja kwamba mwenzake yupo. Msongamano wa Thika Road huenda ukamleta wa saa nne mbele ya yule wa saa tatu, na hapo karatasi ya mapokezi ndiyo itakayoamua.

Kwa wageni wa simu au wa mtandaoni, mlango ni yule fundi wa mitambo anayepokea mstari. Naye aulize swali hilohilo kabla ya kumpitisha kwa mtangazaji.

Hatua ya tano: utangulizi

Uingereza ina watu wawili wanaoitwa Brian Cox, na wote ni wageni wa kawaida katika vyombo vya habari. Mmoja alizaliwa Dundee mwaka 1946 na ni mwigizaji. Wa pili alizaliwa mwaka 1968, ni profesa wa fizikia ya chembe katika Chuo Kikuu cha Manchester, na tangu mwaka 2009 amekuwa mmoja wa watangazaji wa kipindi cha sayansi cha BBC Radio 4. Tuseme profesa ndiye mgeni wako. Utangulizi dhaifu husema: “Tunaye Brian Cox, ambaye nyote mnamfahamu.” Utangulizi unaofaa husema: “Mgeni wetu ni mwanafizikia, profesa wa Chuo Kikuu cha Manchester anayechunguza chembe ndogo zinazounda maada, jina lake ni Brian Cox.” Kazi imetangulia, jina limefuata. Sikio likishapokea jina, akili hukimbilia uso inaoujua, na maelezo yanayokuja baadaye huwa yamechelewa.

Rudia maelezo hayo kwa ufupi kila mnaporejea kutoka kwenye matangazo ya biashara. Abiria aliyepanda matatu Kawangware hakusikia utangulizi, na atashuka kabla ya hitimisho. Kwake kipindi ni zile dakika ishirini za katikati. Neno moja linatosha: “Profesa, umesema chembe hizi…” Jibu lenyewe likikumbusha uwanja wake, huhitaji hata hilo.

Je, umtaje wajina wake ambaye hayupo? Kwa maoni yangu, mtaje pale tu ambapo mchanganyiko ni wa hakika, na ufanye hivyo mara moja, mwanzoni, bila kumpima mgeni kwa umaarufu wa mwingine. “Si yule mwigizaji” ni sawa. “Si yule maarufu” ni tusi, hata likisemwa kwa kicheko. Kuna pia njia za kutofautisha zisizofaa kabisa: kabila, kijiji, unene, weusi na ulemavu. Jijini Nairobi kishawishi cha kusema “yule wa kutoka huko” ni kikubwa, kwa kuwa jina lenyewe limekwisha kudokeza asili, lakini mgeni ameletwa kwa kazi yake. Mtofautishe kwa hiyo kazi, kisha kwa taasisi, kisha kwa mji anaofanyia kazi.

Hatua ya sita: wajina wote wawili studioni

Kipindi kinachowakutanisha wajina wa nyanja mbalimbali, tuseme mwanasheria, mfugaji nyuki na mpiga gita, huvutia sana kwenye karatasi, na huporomoka upesi hewani kisipopangwa. Jina lina maswali machache tu ya maana: ulilipata kwa nani, ni mara ngapi umepokea simu au barua isiyo yako, je, umewahi kudaiwa deni la mwenzako. Hayo huisha mapema. Baada ya hapo kipindi lazima kiwe na mada inayowagusa wote kupitia kazi zao, kwa mfano bei, ajira, kuzeeka au mvua. Kama huioni mada hiyo wakati wa kupanga, usiwaite pamoja. Wape vipindi tofauti.

Mkishakubaliana, mwache kila mmoja azungumze peke yake mwanzoni kwa muda wa dakika moja hivi kuhusu siku yake ya kazi, ili sauti yake ishikamane na shughuli yake katika sikio la msikilizaji. Mazungumzo ya pamoja yakianza, mtangazaji awaite kwa kazi au kwa jina la tatu, na amtaje anayeulizwa kabla ya swali: “Wakili, nyuki wa jirani wakimng’ata mtoto wangu, nina haki gani?” Majina kama “wa kwanza” na “wa pili”, au “mkubwa” na “mdogo”, yaepukwe, hata pale ambapo umri unatofautiana, watu wazima wawili hawapendi kupangwa kwa madaraja mbele ya umma. Isipokuwa wenyewe wawe wamechagua kutaniana hivyo, kama ilivyo kawaida kwa babu na mjukuu.

Upande wa mitambo, kila mgeni awe na maikrofoni yake na mkondo wake wa sauti (track) wa kurekodia, na jina la mkondo huo liwe la kazi: “wakili”, “nyuki”, “gita”. Mhariri atakayefungua faili wiki ijayo akikuta mikondo mitatu yenye jina moja la mtu atalazimika kusikiliza yote. Usiwatenganishe kwa kumpeleka mmoja sikio la kushoto na mwingine la kulia; wasikilizaji wengi hutumia kisikilizio kimoja ili wasikie kondakta akiita, na nusu ya mazungumzo itapotea. Sauti zikifanana mno, mtangazaji aingilie mara nyingi zaidi. Hilo linapunguza utamu wa mazungumzo, lakini msikilizaji asiyejua nani anasema amekwisha kupoteza utamu wote.

Hatua ya saba: wajina anapokuwa na kesi

Hapa ndipo uzembe hugeuka gharama. Kenya ilirithi misingi ya sheria ya kashfa kutoka Uingereza, na kesi mbili za kale za huko zinahusu jambo hili moja kwa moja. Katika kesi ya Hulton dhidi ya Jones, iliyoripotiwa mwaka 1910, gazeti lilikuwa limeandika hadithi ya kubuni kuhusu mzee wa kanisa aliyeitwa Artemus Jones, aliyekwenda Ufaransa kustarehe na mwanamke asiye mkewe. Akajitokeza wakili halisi, Thomas Artemus Jones, akashtaki, akapewa fidia ya pauni 1,750, na Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, likaikubali. Katika kesi ya Newstead dhidi ya London Express, iliyoripotiwa mwaka 1940, habari ilikuwa ya kweli kabisa: Harold Newstead wa Camberwell, mwenye umri wa miaka 30, alikuwa amefungwa kwa kuoa wake wawili. Lakini Camberwell ilikuwa na Harold Newstead mwingine wa umri kama huo, mtengeneza nywele, naye akashtaki. Mahakama ilikubali kwamba habari ya kweli kuhusu mtu mmoja inaweza kumchafua mwingine, ingawa baraza la wazee wa mahakama (jury) lilimpa fidia ya senti isiyonunua chochote.

Mtayarishaji achukue mambo mawili hapo. La kwanza: habari ya mahakamani inaposomwa katika kipindi, jina pekee halitoshi, taja umri, kazi na eneo la mshtakiwa kama yalivyotolewa mahakamani. La pili ni gumu zaidi. Ikiwa mgeni wako ana jina la mtu anayetajwa katika kesi inayovuma wiki hiyo, usiamue peke yako kusema hewani kwamba “huyu si yule mshtakiwa.” Kanusho hilo huwafikishia kesi hiyo watu ambao hawakuisikia, na huacha jina la mgeni likiwa limekaa karibu na shtaka. Zungumza naye kabla ya kipindi. Akitaka litajwe, litajwe kwa sentensi moja kavu, na neno “mshtakiwa” lisigeuzwe kuwa “mhalifu”, kwa kuwa wajina naye ana haki zake. Asipotaka, utangulizi wenye kazi yake na taasisi yake utatosha. Kusogeza kipindi wiki mbili mbele nako si aibu.

Na msikilizaji akipiga simu akaanza kumshambulia mgeni kwa makosa ya wajina wake? Fundi awe tayari kuukata mstari, mtangazaji aseme kwa utulivu kwamba aliyetajwa si mgeni aliyepo, kisha aendelee na mada bila kulirudia dai lenyewe.

Hatua ya nane: ukurasa, faili na hifadhi

Kipindi cha redio kikishapita, kinachobaki ni maandishi, na hapo mitambo ya utafutaji huwachanganya wajina kwa miaka. Kichwa cha toleo la podikasti kiwe na jina na kazi pamoja. Maelezo ya chini yawe na kiungo cha ukurasa wa kazi wa mgeni mwenyewe. Kiwango cha wazi cha Podcasting 2.0 kina lebo maalumu ya mtu, inayobeba jina, jukumu lake katika kipindi, picha na kiungo, na programu inayoisoma lebo hiyo haibaki ikibahatisha. Kabla ya kuitaja akaunti ya mgeni katika mitandao ya kijamii, mwombe akutumie kiungo chake. Wajina anayetajwa kimakosa huanza kupokea pongezi na matusi yasiyo yake usiku huohuo.

Nakala za maandishi zinazotengenezwa na programu zipitiwe na binadamu, maana programu huandika “mzungumzaji wa 1” na “mzungumzaji wa 2”, na mtu akibadilisha yote kuwa jina moja, nakala haifai tena. Jina la faili lianze na tarehe, lifuatwe na jina la mgeni, kisha kazi. Katika daftari la wageni wa kituo kila mtu awe na nambari yake ya ndani isiyobadilika, hata akibadilisha kazi au jina. Picha zikaguliwe na mgeni kabla ya kuchapishwa.

Kosa likishatokea

Kanuni za maadili ya uandishi wa habari nchini, zinazosimamiwa na Baraza la Vyombo vya Habari, zinataka habari isiyo sahihi isahihishwe mara inapogunduliwa. Kwa redio, sahihisho litolewe katika kipindi kilekile na saa ileile, likiwataja wahusika wote wawili kwa kazi zao, bila kulirudia neno la kuchafua. Kwa podikasti, rekebisha sauti yenyewe, andika kwenye maelezo kwamba imerekebishwa na lini, kisha utangaze katika toleo linalofuata, kwa sababu nakala zilizokwisha kupakuliwa kwenye simu za watu hazitabadilika. Wapigie simu wote wawili siku hiyohiyo: mgeni aliyekosewa, na wajina aliyeingizwa asikokuwemo, ambaye mara nyingi husahaulika.

Rekodi kamili ya kipindi, pamoja na jumbe za mwaliko na karatasi ya mapokezi, itunzwe kwa zaidi ya miezi 12 tangu siku ya matangazo, kwa kuwa huo ndio muda ambao sheria ya Kenya humpa mtu kufungua kesi ya kashfa. Podikasti inayobaki mtandaoni huendelea kusikilizwa kila siku. Faili zake za maandalizi zisifutwe kamwe, ila zile taarifa binafsi za mgeni ambazo hazihitajiki tena.